Kinga ya mjukuu wangu

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama kinga ya mjukuu wangu ni dhaifu, kwa kuwa eosinofili zake, aina moja ya seli nyeupe za damu, zimefika asilimia 14 na katika choo alichopimwa hawakuona yai la mnyoo hata moja. Kwa kawaida kupanda huko si dalili ya kinga dhaifu. Nimekwambia tangu ukiwa mdogo na narudia: mwili hausubiri kufundishwa. Kinga ile inayotengeneza kingamwili za adui mmoja mmoja huhitaji siku nyingi kujipanga. Hii ya kuzaliwa nayo huanza kazi mara moja, na kwa minyoo ina njia zake.

Bakteria humezwa na seli nyeupe, basi. Mnyoo atamezwaje? Askarisi jike, yule mnyoo mkubwa wa utumbo, hufikia sentimita 30. Kwenye utando wa utumbo kuna seli chache zenye kishungi cha vinyweleo juu yake. Wataalamu waliziona kwa hadubini miaka mingi bila kujua zinafanya nini hapo, hadi mwaka 2016 ilipoonyeshwa kwa panya kwamba ndizo zinazohisi mnyoo ameingia. Zinatoa interlukini 25, kemikali ya kupashana habari kati ya seli, nayo inaamsha seli nyingine zitoe interlukini 13. Ute unaongezeka, misuli ya utumbo inasukuma kwa nguvu, mnyoo anateleza kwenda nje. Eosinofili nazo huitwa kutoka kwenye uboho.

Sasa utanivumilia, maana siwezi kuandika neno eosinofili nisimkumbuke mama yako mdogo, kile kipindi alichokohoa usiku kucha na wewe umelala miguuni pake ukigoma kuhamishwa. Slaidi ya damu yake niliisoma mimi mwenyewe maabarani. Unajua zinavyoonekana: punje za rangi ya chungwa iliyokolea zimejaa hadi ukingoni, kiini kimegawanyika mapande mawili. Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1879 kwa sababu hiyohiyo, punje zake zilivyoinywa rangi ya eosini. Kwa kawaida katika seli nyeupe 100 unakuta eosinofili 1 hadi 4 hivi. Kwake nilihesabu 22. Choo chake hakikuwa na mayai.

Nilimwambia daktari wa zamu kwamba huenda mabuu ya askarisi yako mapafuni. Yai likimezwa, buu huanguliwa utumbo mwembamba, hupita kwenye ini, hufika mapafuni, hupanda koo na kumezwa tena, ndipo linakua. Mayai chooni hutokea baada ya miezi 2 hadi 3 tangu siku ya kuambukizwa. Kikohozi hutangulia, na eosinofili pia. Nikaomba choo kirudiwe baadaye. Akanijibu mbele ya wagonjwa kwamba kazi yangu ni kuhesabu, kufikiri niwaachie wengine. Choo kilirudiwa kwa sababu nilikirudia mimi, na mayai yalikuwepo, mapana, yenye ganda la mabonde mabonde. Nilimpelekea majibu, akasaini bila kuinua macho. Bado linanichoma, mwanangu. Mwili wa mdogo wangu ulikuwa umesema mapema, na mwenye kusikiliza hakutaka kusikia.

Ila nisizisifu kupita kiasi. Maabarani, eosinofili hulinata buu lililokwisha kupakwa protini za kinga, kisha huzimwaga punje zake juu ya ngozi yake, nalo hufa. Hilo linajulikana. Lakini sumu ileile huunguza na mapafu ya mwenyewe, ndiyo maana ya kikohozi na kubanwa kifua. Tena kuna panya waliozalishwa bila eosinofili kabisa, wakaambukizwa trikinela, mnyoo ambaye mabuu yake hukaa misulini, na mabuu misulini yakafa kwa wingi zaidi kuliko kwa panya wenye nazo! Niliposoma hayo nilikosa raha. Huenda baadhi ya minyoo imejifunza kuishi kwa hisani ya seli hizohizo. Hata hivyo sirudi nyuma: mwili hausubiri kufundishwa. Kuanza mapema ni jambo moja, kushinda ni jambo jingine.

Ulimi unaniwasha niseme ni minyoo, tena nitaje na aina yake. Sitasema. Pumu hupandisha eosinofili, ukurutu hupandisha, dawa fulani hupandisha, na mtoto wako ana ngozi ya baba yake. Malaria na amiba kwa kawaida hazipandishi, kwa hiyo hizo usizihangaikie kwa namba hii. Mwombe daktari choo kirudiwe baada ya miezi 2, na mweleze kama mtoto anakohoa, maana hukuniandikia. Nitumie pia picha ya karatasi nzima ya majibu, mstari mmoja haunitoshi. Nataka nione idadi yenyewe ya eosinofili, si asilimia tu, na hemoglobini yake.

Mama yako