Kwa mnaoanza kuandika riwaya: ulevi peke yake haumfanyi mhusika apendwe

Nasoma sana kazi za waandishi wanaoanza, zile zinazorushwa vipande vipande kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook, na kuna kitu kinajirudia. Mtu ameshaambiwa stelingi asiye na doa anachosha, basi anamchukua stelingi wake yuleyule anampa chupa ya pombe na mchepuko mmoja, anadhani kazi imeisha. Haijaisha jamani. Kasoro peke yake haimvuti msomaji, kinachomvuta ni mtu anayetaka vitu viwili visivyokaa pamoja na anajua kabisa akishika kimoja kingine kitamuuma.

Mwangalie Adili wa Shaaban Robert. Tuliosoma Adili na Nduguze zamani tumesahau mengi ila wale manyani wawili hatujawasahau. Ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, walimfanyia ubaya wakageuzwa manyani, na yeye amefungwa na amri ya kuwachapa kila usiku. Anawachapa, halafu analia nao, anawakumbatia, anawalisha. Adili ni mwema kupindukia, huwezi kumkuta na tabia mbaya, na bado amekaa kichwani mwa watu miaka yote hii kwa sababu mkono wake unafanya kitu ambacho moyo unakikataa.

Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971, inaenda mbali zaidi. Zakaria ni baba mlevi, anampiga binti yake vibaya sababu ya barua ya mvulana. Sasa kile kipigo hakiishii kwenye ukurasa ule, Rosa anakua anawaogopa wanaume, akishakuwa mbali na nyumbani ule woga unageuka anaingia kwenye starehe mpaka zinammaliza. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni, baadaye kikaruhusiwa. Unamlaumu Rosa na unamlilia hapohapo, na mimi naona hapo ndo penyewe, msomaji akiweza kumlaumu tu au kumhurumia tu anafunga kitabu mapema.

Chukua mfano wa kwako wa kawaida kabisa. Mama ni mweka hazina wa kikoba. Kikao kimeisha, sanduku limefungwa kufuli zake tatu na funguo wameondoka nazo watu watatu tofauti, halafu usiku mwanachama aliyechelewa anatuma marejesho kwa simu, laki moja na themanini, itakaa kwenye simu ya mama mpaka kikao kijacho. Asubuhi mdogo wake anapiga, mtoto kazidiwa, hospitali wanataka hela. Hapo usiniandikie "alikuwa na mgogoro mkubwa moyoni", hiyo haimgusi mtu. Niandikie anaangalia salio, anaweka simu chini, anaosha vyombo ambavyo vilishaoshwa, anaangalia salio tena. Anatuma. Kesho yake anakuja mwenzake wa kikoba, yule aliyemtetea apewe uweka hazina, anaomba mkopo wa dharura, na mama anamjibu "hela yote ipo kwenye sanduku dada, subiri kikao" huku simu ameifunika na khanga.

Ona hapo hakuna mlevi wala malaya, kuna mtu mwaminifu aliyedanganya mtu anayempenda, na msomaji anajiuliza ningekuwa mimi ningefanyaje.

Kingine, usimtetee mhusika wako. Ukianza kutueleza alilelewa kwa shida ndo maana akafanya vile unatunyang'anya kazi ya kumpima wenyewe, yatoe hayo ya utotoni kidogo kidogo kwenye matendo yake. Na usimwokoe haraka, hili ndo linaua hadithi nyingi, kipande cha tatu tu anatokea mjomba kutoka mjini na bahasha, deni linalipwa, watu wanakumbatiana. Huyo mjomba mtoe, mwache mama aende kikaoni na deni lake.