Nairobi hadi New York: mbona hesabu hazilingani?

SWALI: Binti yangu amenikatia tiketi ya ndege ya moja kwa moja kutoka Jomo Kenyatta hadi JFK, New York. Nimesoma kuwa umbali ni kilomita 11,840 na ndege huenda kilomita 900 kwa saa. Nikigawanya napata saa 13 na dakika 10. Tiketi inasema saa 15 kwenda, 14 kurudi. Tena naona kuondoka 23:25, kufika 06:25, yaani saa saba tu! Nishike lipi?
Msomaji, Eldoret

JIBU: Shika saa 15. Kugawanya umegawanya sawasawa, ila kilomita 11,840 ni urefu wa uzi uliovutwa juu ya tufe la dunia kutoka kiwanja hadi kiwanja. Uzi huo unapita Sudan Kusini, Darfur nchini Sudan, Chad, Niger, Algeria na Morocco kabla ya kuingia Atlantiki. Anga ya Sudan ilifungiwa ndege za abiria vita vilipozuka Aprili 2023, na kuizunguka kunaongeza njia. Tuseme kilomita 300: sasa una 12,140.

Halafu kuna upepo. Ile 900 ni kasi ya ndege ndani ya hewa, na hewa yenyewe inasafiri. Kaskazini mwa tropiki, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Marekani unakukabili, ukirudi unakusukuma. Chukua wastani mdogo tu wa kilomita 30 kwa saa kwa safari nzima. Kwenda, 12,140 kwa 870 ni karibu saa 14. Kurudi, kwa 930, ni saa 13 na dakika chache. Mkondo huo hupata nguvu zaidi majira ya baridi ya kule, kwa hiyo safari ya Januari kwenda huko huweza kuchelewa kuliko ya Julai.

Ongeza dakika 40 hivi za kutambaa uwanjani, kupaa na kushuka, maana chini ya mita 3,000 ndege haiendi 900, bali nusu yake. Muda wa tiketi huhesabiwa tangu ndege inaposukumwa kutoka mlango wa abiria hadi inapoegeshwa, na shirika huweka dakika za akiba juu yake. Ndipo unapata 15 na 14.

Zile saa saba zinatokana na tofauti ya saa kati ya Kenya na New York. Tiketi huandika saa ya mahali ndege ilipo. Ukiondoka 23:25, saa 15 baadaye Eldoret ni 14:25, saa nane na dakika 25 mchana. New York, iliyo nyuma kwa saa 8, ni 06:25 asubuhi. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani husogeza saa mbele na tofauti huwa 7.

Linalowakosesha wengi ndege ni tarehe. Tiketi ikisema Jumanne 00:35, huo ni usiku wa kuamkia Jumanne. Fika uwanjani Jumatatu, saa tatu na nusu usiku. Ukienda Jumanne jioni, ndege iliondoka usiku uliotangulia.