Maswali na majibu: dola hujengwaje?

Wewe ni mtafiti wa sayansi ya siasa. Kwa nini uliamua kushughulika na ujenzi wa dola, na si uchaguzi au vyama?

Nilianza na uchaguzi. Siku moja, katika hifadhi ya nyaraka, niliomba jalada la kura nikaletewa kimakosa daftari la kodi. Kingo za kurasa zilikuwa zimeliwa na mende. Kila ukurasa ulikuwa na safu ya majina, na mbele ya kila jina karani ameandika neno moja: amelipa, amehama, amekufa. Kuna ukurasa ambao karibu nusu ya majina yalikuwa "amehama". Jalada la kura sikuliulizia tena siku hiyo. Uchaguzi huamua nani atatoa amri. Mimi nilitaka kujua amri hiyo ikifika kijijini inamkuta nani wa kuitekeleza, na wanaoamriwa wanaikubali au wanafungasha.

Dola, serikali na taifa si kitu kimoja?

Hapana. Serikali ni watu walioko madarakani, nao hubadilika. Taifa ni watu wanaojiona kuwa wamoja. Dola ni chombo chenyewe: mahakama, polisi, forodha, masijala. Max Weber, mwanasosholojia wa Kijerumani, katika mhadhara alioutoa Munich mwaka 1919, aliieleza dola kuwa ni jumuiya inayofanikiwa kudai kwamba ni yenyewe pekee yenye haki ya kutumia nguvu ndani ya eneo lake. Neno la kushikilia hapo ni "inayofanikiwa". Kudai ni rahisi.

Nimesoma kwamba vita ndivyo hujenga dola. Je, Afrika tupigane ndipo tuendelee?

La hasha, na nimefurahi umeuliza waziwazi. Hoja hiyo ni ya Charles Tilly, mwanasosholojia Mmarekani aliyefariki mwaka 2008. Alianza kwa kuchambua uasi wa Vendée, Ufaransa, wa mwaka 1793, kisha akageukia Ulaya nzima. Kwa hesabu yake, Ulaya ya mwaka 1500 ilikuwa na tawala zipatazo 500. Kufikia 1900 zilibaki kama 25. Vita vilihitaji fedha, fedha zikahitaji kodi, kodi ikahitaji makarani. Uingereza ilianza kutoza kodi ya mapato mwaka 1799 ili kugharimia vita dhidi ya Ufaransa.

Lakini Tilly alikuwa anaeleza yaliyotokea. Hakuwa anaandika dawa. Alifika hata kuwalinganisha wajenzi wale wa dola na magenge yanayouza ulinzi. Isitoshe, mwaka 1964 mjini Cairo viongozi wa Afrika walikubaliana kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Tangu hapo vita vingi barani vimekuwa vya ndani, na vita vya ndani huchoma masijala na kuwatawanya makarani. Sijaona ofisi ya kodi iliyojengwa na wanamgambo waliozoea kupora.

Kwa nini Afghanistan ilianguka baada ya miaka 20 ya misaada?

Swali hili hunikosesha usingizi. Katika miaka ya mwisho, takriban robo tatu ya matumizi ya umma yalilipwa na wahisani. Waziri alikuwa na sababu kubwa zaidi ya kumridhisha mhisani kuliko mkulima. Jeshi likajaa askari hewa: majina yaliyopokea mishahara bila mtu nyuma yake. Tarehe 15 Agosti 2021 mji mkuu, Kabul, ulitwaliwa na Taliban karibu bila mapigano.

Linganisha na Somaliland, iliyojitenga na Somalia na kujitangaza huru Mei 1991. Misaada ilikuwa kidogo, kutambuliwa hakukuwapo. Mwaka 1993 wazee wa koo walikusanyika katika mji wa Borama, wakakaa miezi wakijadili: silaha zikabidhiwe kwa nani, madai ya damu yamalizwe vipi, viti vigawanywe vipi. Wakamchagua Mohamed Ibrahim Egal kuwa rais, na baraza la wazee, Guurti, likapewa nafasi rasmi katika utawala. Egal alikopa kwa wafanyabiashara na kutegemea ushuru wa bandari ya Berbera. Mkopeshaji anayeishi mji huohuo hufuatilia fedha zake, na unapomtegemea huwezi kumpuuza.

Sitaki kuipamba. Mapigano yalirudi mwaka 1994, na yale ya mji wa Las Anod mwaka 2023 yameonyesha kwamba si kila ukoo ulijiona umo katika makubaliano yale. Hata hivyo, kila ninapoulizwa fedha ngapi zinatosha kujenga dola, mimi hurudi Borama, kwa sababu swali la kwanza pale lilikuwa nani anamwamini nani.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nianzie wapi?

Jifunze takwimu, na jifunze vizuri lugha ya watu unaowatafiti, usitegemee mkalimani. Kisha omba ruhusa ukae wiki mbili katika ofisi ya kusajili vizazi na vifo. Andika nani amekuja, amesubiri muda gani, ametoa nini, ameondoka na karatasi gani. Waliokata tamaa wakaondoka kabla ya kufika dirishani, wahesabu pia.