Vidole Vinakufa Ganzi? Kagua Kiti Kwanza

Dada mmoja anayechapa kwenye stationeri pale Ngamiani, Tanga, ameniandikia: dole gumba na vidole viwili vinavyofuata vinakufa ganzi, usiku anaamka akikung'uta mkono. Dawa ya kuchua imeisha chupa nzima.

Dada yangu, dawa hiyo haifiki huko. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba vinamopita kano 9 za vidole na mshipa wa fahamu, vimebanana. Sisi wa Tanga baiskeli tunazijua: waya wa breki ukikunjwa ndani ya ganda lake unasugua na kukwama. Ukichapa kifundo kimelala mezani na kiganja kimenyanyuka, njia inazidi kubana na mshipa ndio unaoumia.

Kosa mara nyingi ni meza. Meza ya kawaida ina kimo cha sentimita 75 hivi, kiti cha plastiki 43 au 44. Kiwiko kinabaki chini ya kibodi, mabega yanapanda, viganja vinakunjika. Basi panda wewe: pachika viti viwili, kimoja juu ya kingine, au kalia mto mgumu, mpaka mkono ukae kama herufi L na kiwiko kiwe usawa wa kibodi. Kiti kisiwe na mikono, maana inagonga meza na kukuweka mbali. Miguu ikining'inia, ikanyage rimu 2 za karatasi. Rimu moja ina unene wa sentimita 5 hivi.

Sasa geuza kibodi. Vile vimiguu viwili vya nyuma, vikunje. Watu huvisimamisha wakidhani ni lazima, kumbe ndivyo vinavyokunja kifundo zaidi. Vidole vya shahada vikae kwenye F na J, zenye kinundu cha kupapasa. G na H zielekee kitovuni. Ukiweka kibodi nzima katikati pamoja na namba zake za kulia, utachapa umepinda siku nzima. Na bonyeza taratibu, hii si taipu ya chuma!

Skrini ni rahisi: ukingo wa juu usawa wa macho, umbali wa mkono ulionyooshwa. Kila nusu saa inuka, hata kama ni kwenda kutoa fotokopi. Usiku usilale umekunja kiganja.

Ganzi ikiwa ya kidole cha mwisho, angalia kiwiko unachoegemeza kwenye ukingo wa meza. Na vikombe vikianza kukuponyoka, nenda hospitali wiki hiyohiyo.