Nichangishe utafiti wa mwani?

SWALI: Shikamoo bibi. Nalima mwani Paje. Mwani mnene hutufia kila kaskazi. Nataka kupima joto la maji mwaka mzima. Nichangishe fedha mtandaoni? – Mkulima

JIBU: Marahaba mwanangu. Changisha, ila si kama harusi. Anayechangia harusi anajua atakula pilau. Pilau yako wewe ni daftari la vipimo, na uliseme hilo waziwazi. Andika: vipimajoto vingapi, nauli ya ngalawa, na kwamba matokeo utayatoa hata yakikuumbua.

Mwaka 2013 kikundi cha Marekani kilikusanya zaidi ya dola 480,000 kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, kikiahidi mbegu za mmea unaong'aa gizani. Mwaka 2017 mradi ulikufa, mbegu hazikupatikana. Waliahidi jibu kabla ya kuuliza swali, ndivyo nionavyo mimi.

Kuna jukwaa la mtandaoni la kuchangishia utafiti wa wanasayansi, Experiment. Usipofikisha lengo, wachangiaji hawakatwi hata senti nawe huambulii kitu. Basi omba kidogo: kaskazi moja kwanza. (Hapo nakuonea huruma, najua unataka mwaka.) Na kabla ya kutangaza chochote, pita kwa sheha, umuulize habari za kibali cha utafiti.