Jibu: Bolti za krauni kwenye difu zinalegea tena na tena

Ndugu, umeuliza kwa nini bolti za krauni (gurudumu kubwa la meno ndani ya difu, sanduku la gia linalopeleka nguvu kwenye tairi) zinalegea kila ukirudi porini ilhali umezikaza. Kukaza tu hakutoshi. Mafuta yakibaki kwenye nyuzi za bolti, gundi ya bolti (ya kuzuia isilegee) haishiki vizuri, hata upake nyingi kiasi gani.

Mwaga oili ya difu, utazame kizibo chake kama kina sumaku: unga laini wa kijivu ni kawaida, lakini vipande vyenye ncha ni meno yanayoliwa. Weka bolti mpya, za zamani zimeshavutika. Safisha matundu ya bolti mpaka kitambaa kitoke kikavu, ndipo upake gundi na kukaza kwa mshazari (bolti moja, kisha ya upande wa pili), kwa spana ya kipimo inayoonyesha nguvu ya kukaza, kama kitabu cha gari kinavyotaka.

Kwa sasa usiliendeshe, tafadhali. Bolti ikichomoka ikanasa kwenye meno, tairi zinaweza kujifunga ukiwa mwendoni.