Kuonja wiski ya miaka 12: niliyojifunza nyuma ya kaunta

Mwaka wangu wa kwanza kaunta nilimwambia mteja kwamba wiski iliyokoza kama strungi ilikuwa kongwe kuliko ile ya rangi ya asali iliyosimama kando yake. Mzee yule hakunikemea. Alizigeuza chupa zote mbili nisome lebo: iliyokoza miaka 12, ya asali 15. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Basi wadogo zangu mnaoanza, rangi iacheni. Sheria ya wiski ya Uskoti inaruhusu kutia karameli, na rangi ya karameli ni kama nywele zilizotiwa piko, haikwambii umri wa mtu. Namba ya miaka nayo isomeni vizuri. 12 maana yake ni kwamba iliyo changa kuliko zote mle chupani imekaa pipani miaka 12. Nyingine zinaweza kuwa na zaidi. Sheria yenyewe inadai miaka 3 tu ndani ya pipa la mwaloni, hukohuko Uskoti.

Kinachofanya kazi kubwa ni pipa. Wamarekani wanalazimika kutumia mapipa mapya kwa wiski yao iitwayo bourbon, kwa hiyo yaliyokwisha tumika huuzwa Uskoti: madogo, ya lita 200 hivi, yenye kutoa vanila na harufu ya nazi. Ya mvinyo wa sheri, mengine ya lita 500, hutoa zabibu kavu, tende, hata halua. Pipa likishatumiwa mara nyingi huchoka, na wiski ya miaka 18 iliyolala kwenye pipa lililochoka inaweza kushindwa na ya 12 iliyopata pipa zuri. Mimi nimeiona ikishindwa, tena kwa bei mara mbili.

Tumieni glasi iliyobana mdomoni. Barafu isubiri. Msitumbukize pua, kilevi cha asilimia 40 na zaidi kitaichoma na kwa dakika nzima hamtanusa kitu. Shikeni glasi chini kidogo ya pua, mdomo wazi, mvute taratibu, kisha muiache dakika kumi mrudi tena. Harufu ya pili mara nyingi ndiyo ya kweli. Siku ya kuonja msijipulizie manukato, na glasi nne zinatosha. Baada ya hapo mnajidanganya.

Sasa majina ya harufu. Vitabu vitawaambia maua ya milimani Uskoti ambayo hamjawahi kuyaona. Yaacheni. Niliponusa Talisker ya miaka 10, kutoka kisiwa cha Skye, nilikumbuka kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, kilichosuguliwa mkaa, na baada ya kumeza ikaja pilipili manga. Niliandika hivyohivyo. Laphroaig ya kisiwa cha Islay ilinipeleka wodini, dawa ya vidonda kabisa. Harufu hizo za moshi hutokana na udongo wa mabwawani unaokatwa, kukaushwa na kuwashwa ili kukausha kimea cha shayiri. Lakini msikariri kwamba kila wiski ya Islay ni moshi. Bunnahabhain ya miaka 12 inatoka kisiwa hichohicho na moshi ndani yake ni wa kutafuta. Ni karanga, zabibu kavu na chumvi kidogo. Ina asilimia 46.3, haitiwi rangi, wala haichujwi ikiwa baridi. Kwa hiyo ikiingia ukungu mkiongeza maji, msiirudishe stoo mkidhani imeharibika.

Maji tieni matone machache, baada ya kuonja kavu. Wakemia wawili wa Sweden walionyesha mwaka 2017, kwa hesabu za kompyuta, kwamba kilevi kikipungua, guayakoli, mojawapo ya vitu vinavyobeba harufu ya moshi, husogea juu ya kinywaji, karibu na pua.

Kutoa hukumu, mwombeni mwenzenu amimine nyinyi hamuoni chupa. Mkishameza, hesabuni: ladha imekaa kwa muda gani? Mdomo umesema jambo ambalo pua haikulisema? Wiski ya bei ya kati inayonukia vizuri kisha ikapotea kooni kama maji, mimi naikata alama nyingi, hata iwe na sanduku la kupendeza namna gani.

Glasi msiioshe usiku huo. Asubuhi, kilevi kikiwa kimekwisha kuruka, inuseni: kilichobaki ni pipa. Hapo ndipo mjaze mstari wa mwisho wa daftari.